Fimbo ya Mbali: Nani Analipia Makombora ya Masafa Marefu?

Kuna hoja ambayo wachezaji wa MechWarrior Online hawajaimaliza tangu mchezo huo utoke rasmi mwaka 2013, na sioni dalili kwamba wataimaliza. Je, meki iliyojazwa makombora ya masafa marefu ni silaha ya maana, au ni mzigo kwa kikosi chake? Upande mmoja unasema makombora hayo ni ya waoga na wageni wa mchezo. Upande wa pili unakuonyesha ubao wa matokeo: tazama, mimi ndiye niliyeongoza kwa pointi za madhara, mnataka nini tena? Pande zote mbili zina ushahidi mkononi, ndiyo maana ugomvi hauishi.

Mswahili akiusikia ugomvi huu atakuwa na methali mdomoni kabla hujamaliza kuueleza: fimbo ya mbali haiui nyoka. Inakaa vizuri mno, na hapo ndipo pa kuwa macho, kwa sababu tukiitumia hivi tunaisoma kombo. Methali haisemi kwamba fimbo iliyorushwa kutoka mbali haiui. Inamzungumzia mtu mwenye nyoka miguuni, na fimbo yake iko nyumbani kwa shangazi. Fimbo ni nzima, ni nzito, ni ya mpingo. Tatizo lake ni kwamba haipo pale inapohitajika. Nitaung'ang'ania usomaji huu mpaka mwisho, kwa sababu nadhani ndani yake ndimo lilimo jibu.

Kwanza maelezo mafupi kwa msomaji ambaye hajawahi kuugusa mchezo wenyewe. Ulimwengu wake unaitwa BattleTech, na ulizaliwa Marekani, mjini Chicago, mwaka 1984, katika kampuni ya FASA, ukiwa mchezo wa mezani wa ramani, vinyago na dadu. Toleo la kwanza liliitwa BattleDroids. Jina likabadilishwa kwa sababu upande wa George Lucas, mwenye Star Wars, ulidai neno “droid” ni mali yao. Wahusika wakuu ni meki: madude ya chuma yenye miguu, ya tani 20 hadi 100, kila moja likiwa na rubani ndani. Kutoka mezani ulimwengu huo ukahamia kwenye kompyuta, na MechWarrior ya kwanza ilitoka mwaka 1989. MechWarrior Online, iliyoundwa na Piranha Games ya Vancouver, Kanada, ni tawi ambalo watu 12 hupambana na watu 12 kupitia intaneti, na mara nyingi hao 12 wa upande mmoja hawajuani hata kidogo.

Sasa silaha yetu. Makombora ya masafa marefu hufungwa kwa mafungu ya 5, 10, 15 au 20. Yakifyatuliwa hupanda angani, hujipinda, kisha humshukia adui kama mvua ya mawe. Kwa kuwa yanapita juu ya kilima, anayeyarusha halazimiki kumwona adui kwa macho yake. Inatosha mwenzake mmoja amwone na kumshika kwenye rada. Karibu silaha nyingine zote katika ulimwengu huu, leza na mizinga na zinazofanana nazo, zina sharti moja: ukiweza kumpiga mtu, naye anaweza kukupiga. Makombora haya yanakuondolea sharti hilo.

Utaniuliza mambo haya yanaingiaje kwenye ukurasa wa fasihi. Yanaingia kwa mlango uleule tunaouingizia tamthilia. Kanuni za mchezo zinaamua nani anasimama mbele, nani anaumia, na nani anapigiwa makofi pazia likishuka. Ni maandishi, na yanasomeka. Kwa hiyo nimechukua silaha moja na kuifuata katika michezo minne ya ukoo mmoja, nikiuliza swali lilelile kila mahali: nani analipa?

Tuanze mezani, kwa kuwa huko hesabu iko wazi. Kirushio cha makombora 20 kina uzito wa tani 10. Mzinga unaoitwa AC/20 una tani 14. Kwenye karatasi vyote viwili vinaweza kutoa pointi 20. Lakini mzinga unazipeleka zote mahali pamoja, kishindo kimoja. Makombora hayafiki yote. Ukishapata shabaha unarusha dadu mbili, unatazama jedwali kujua yamefika mangapi, na jibu linalojitokeza mara nyingi kuliko mengine ni 12. Hayo 12 nayo yanagawanywa: matano, matano, mawili. Kila fungu linatafutiwa mahali pake pa kutua: moja mkono wa kushoto, jingine mguuni, jingine kifuani. Na meki haifi kwa kuchubuliwa. Inakufa kifua cha katikati kikitobolewa, au kichwa kikienda.

Ukiishia hapo utasema mjadala umefungwa, mzinga umeshinda. Ila ongeza umbali. Ramani ya mezani imegawanywa katika vyumba vya pembe sita, kila kimoja mita 30. Mzinga ule unafika vyumba 9, yaani mita 270. Makombora yanafika vyumba 21, mita 630. Mwenye mzinga lazima atembee mita 360 chini ya mvua ya mawe kabla hajafyatua risasi yake ya kwanza. Anayeanza kupiga mapema anaweza kuridhika kupiga kidogo kidogo. Kwa hiyo mezani silaha hizi mbili zimepimwa kwa mizani ya haki: moja ina nguvu, nyingine ina muda.

Kanuni inayonivutia zaidi iko pembeni kidogo, na wengi wanaipita bila kuitazama. Ukitaka kurusha makombora juu ya kilima kwa macho ya mwenzako, unaongezewa ugumu wa kupata shabaha. Mwendo wa mwenzako huyo nao unahesabiwa, kama vile wewe ndiwe uliyekuwa unatembea. Na kama mwenzako akiamua kupigana katika zamu ileile anayokutazamia, mashambulizi yake yeye yanakuwa magumu zaidi, na lako pia linakuwa gumu zaidi. Tazama walivyofikiri waandishi wa kanuni hii. Wameona kwamba kumtazamia mtu ni kazi, na kazi ina gharama, wakaiandika gharama hiyo kwa namba mbele ya wote. Ukikopa macho ya mtu, deni linaonekana kwenye dadu.

Mwaka 2018 kampuni ya Harebrained Schemes ilitoa mchezo wa kompyuta ulioitwa BATTLETECH. Mmoja wa waanzilishi wa kampuni hiyo ni Jordan Weisman, yuleyule aliyekuwa mwanzilishi mwenza wa FASA. Humo wewe ni kamanda wa kikosi cha mamluki, unapeleka meki nne vitani, na mnapigana kwa zamu. Makombora ya masafa marefu humo ni moto wa kuotea mbali. Sababu ya kwanza ni kwamba kila kombora linalofika linamyumbisha adui, mbali na kumchubua. Akiyumbishwa vya kutosha anaanguka chini, rubani wake anaumia, na meki iliyolala chini unaweza kuichagulia pa kuipiga. Ule utawanyiko uliokuwa udhaifu mezani hapa unapungua uzito, kwa sababu kuyumba hakujali kombora limetua mkononi au mguuni.

Sababu ya pili ndiyo yenye uzito kwa swali langu. Katika mchezo huu meki nne zote ni zako. Unampeleka mmoja mbele amwone adui, halafu meki iliyojificha nyuma ya mlima inamwaga makombora. Yule wa mbele akiumia, unamtengeneza kwa fedha za mfuko uleule uliolipia makombora. Mkopo umefanyika ndani ya nyumba moja, baba amekopa kwa mama na wote wanakula sufuria moja. Hakuna wa kulalamika, kwa kuwa mkopaji na mkopeshaji ni mtu mmoja aliyekaa kwenye kiti kimoja.

MechWarrior 5: Mercenaries, iliyotoka Desemba 2019, inafanana na hiyo kwa upande wa pochi. Unaendesha meki mwenyewe, wenzako watatu wanaweza kuwa wa kompyuta, na kila jeraha unalolipata linaleta ankara ya matengenezo pamoja na siku za kusubiri. Adui wa kompyuta naye hana akili ya kujibanza nyuma ya mwamba. Mara nyingi anakujia wazi, kifua mbele. Katika mazingira hayo kumpunguza akiwa mbali ni busara ya kawaida ya mwenye biashara. Mtu akikuambia makombora ya masafa marefu hayafai, muulize kwanza anazungumzia mchezo gani. Silaha ni ileile, jina ni lilelile. Kilichobadilika ni nani anabeba gharama na adui ni nani.

Sasa turudi kwenye uwanja wa watu 12 kwa 12, ambako ugomvi ulizaliwa. Hapa kila rubani ni binadamu, na kila binadamu ana deraya yake moja, isiyorudi ikishachanwa. Naomba nitumie mfano wa kubuni. Tuseme kila meki ina pointi 400 za deraya. Kikosi cha 12 kina pointi 4,800. Huo ndio mtaji wa kikosi. Mechi ni mashindano ya kuona nani atautumia mtaji wake vizuri zaidi: kuuvujisha taratibu, kuugawana, huyu akichoka yule anaingia mbele. Wakikaa watatu nyuma ya mlima na makombora yao, mtaji unaotumika ni wa watu 9, pointi 3,600. Zile 1,200 zipo, lakini zimelala. Zitaamka dakika za mwisho, wenzao 9 wakishateketea, na wakati huo zitaliwa moja baada ya nyingine na maadui waliobaki.

Watu wa vikoba watanielewa haraka. Kuna mwanachama anayefika kila mkutano, anakopa kwa utaratibu, na hisa zake hazijawahi kuguswa na hasara ya mtu. Kwenye daftari anaonekana hodari kuliko wote. Siku kikoba kikivunjika ndiye atakayeshangaa zaidi, maana kwa hesabu zake yeye alikuwa anafanya vizuri.

Daftari la MechWarrior Online ni ule ubao wa matokeo, na mimi siuamini. Makombora yanatawanyika mwili mzima, kwa hiyo yanakusanya pointi nyingi za madhara bila kuua. Tuseme mmoja amepata pointi 800 kwa kuchubua mikono na miguu ya maadui wanane, na mwingine amepata 400 kwa kutoboa vifua viwili vya katikati. Wa kwanza ana namba kubwa zaidi. Wa pili ameondoa bunduki mbili uwanjani, na bunduki iliyoondolewa haimpigi tena mtu yeyote. Nakubali, kumchubua mtu deraya kunamrahisishia mwenzako kazi ya kumuua. Lakini anayesema “nimeongoza kwa madhara” kama vile hoja imekwisha, amesoma sentensi nusu.

Kisha kuna tabia ya silaha yenyewe mbele ya adui mwenye akili. Kwanza inajitangaza: makombora yakishafyatuliwa, sauti ya kike ya kompyuta inamwonya mlengwa kwamba yanakuja. Pili, ni ya polepole. Kuna kipindi kasi yake ilikuwa mita 160 kwa sekunde, ambayo kwa umbali wa mita 800 ni sekunde 5 nzima. Sekunde 5 zinamtosha mtu kurudi nyuma ya jengo na kuyasikiliza yakigonga ukuta. Tatu, ukimpoteza adui kwenye rada, makombora yanakwenda pale alipokuwa, naye ameshaondoka. Nne, silaha hii imetengenezewa dawa yake mahsusi. Mfumo wa kutungua makombora una uzito wa nusu tani tu, na kameki kama Kit Fox, ka tani 30, kanaweza kubeba mitatu na kuwakinga jirani zake. Hakuna mfumo wa kutungua leza. Na tano, kwa makombora ya upande unaoitwa Inner Sphere, adui akiingia ndani ya mita 180, makombora yako hayafanyi kitu. Nyoka yuko miguuni kabisa, na fimbo imegoma.

Hadi hapa nimekuwa upande wa mashtaka. Utetezi nao una mambo matatu ambayo wachezaji wakongwe huyadharau, na si haki.

La kwanza ni woga. Ile sauti ya onyo inamtoa mtu kwenye mstari wake. Mchezaji aliyekuwa anajiandaa kuvuka kona anaahirisha. Anayejibanza nyuma ya mwamba hapigi, na mtu asiyepiga kwa sekunde 20 ni kama hayupo kwa sekunde 20. Kuna mechi zinaamuliwa na sekunde hizo. Ila angalia sharti lake: hofu hiyo ina faida kama wenzako wanaitumia kusonga mbele. Kama nao wamekaa, umemtisha mtu bure, akitoka pale alipo bado ana deraya yake yote.

La pili ni ramani na ushirikiano. Kwenye Polar Highlands, theluji tupu na mabonde ya kina kifupi, mahali pa kujificha ni pachache. Weka hapo rubani wa meki nyepesi kama Raven, mwenye kile kifaa cha Narc kinachomganda adui na kutoa ishara, na mwingine mwenye leza ya kuelekezea makombora. Adui aliyegandwa anafuatwa na mvua kila anakogeuka. Kikosi kinachozungumza, kinachojua nani anatazama na nani anarusha, kinaigeuza silaha hii kuwa adhabu kweli. Lakini hapo umeona kilichotokea: macho hayakukopwa kwa mgeni. Yalipangwa, mtu akakubali kazi hiyo kabla ya mechi kuanza.

La tatu linatuhusu sisi wa huku moja kwa moja. Seva za mchezo huu zimewekwa Amerika ya Kaskazini, Ulaya na upande wa Oceania. Anayecheza akiwa Nairobi au Dar es Salaam, kila anachokifanya kinasafiri bahari nzima kabla ya kufika, na picha anayoiona ni ya muda uliopita. Kwa leza inayotaka ushikilie kifua cha adui anayekimbia, ucheleweshaji huo ni maumivu. Kombora linaloshika shabaha lenyewe linasamehe. Vilevile linamsamehe mwenye kipanya kibovu, mwenye mkono unaotetemeka, mzee wa miaka 60 aliyeanza na toleo la mezani na anataka tu kuiona Catapult yake ikitembea. Kabla hatujamwita mtu mwoga, tujue amekaa wapi na ana mikono gani. Kuna watu ambao silaha hii ndiyo mlango pekee wa kuingilia.

Kwa hiyo silioni kosa kwenye kuchagua makombora. Naliona kwenye namna ya kuyabeba, na hapa nataka tuzisome meki zenyewe, kwa sababu walioziunda waliacha maelekezo.

Chukua Catapult, ile ya C1. Tani 65, mabega mawili makubwa, kila bega kirushio cha makombora 15. Ukiitazama kwa haraka utasema hii ni meki ya kukaa nyuma. Lakini hesabu vilivyobaki: leza nne za kati, ambazo mwisho wake ni mita 270, na injini za kurukia zinazoinyanyua juu ya ukingo wa kilima. Leza za mita 270 ni za nini kwa mtu ambaye hakusudii kumkaribia adui? Na injini za kurukia ni za nini, kama si kuruka akaone mwenyewe? Angalia pia Archer, tani 70, virushio viwili vya makombora 20. Imepewa tani 13 za deraya. Hakuna fundi anayefunga tani 13 za chuma kwenye mwili wa mtu atakayejificha mchana kutwa. Meki hizi mbili, ambazo kila mpenzi wa makombora huzitaja kama mababu zake, ziliundwa kwa rubani anayeanza kurusha akiwa mbali, kisha anakuja.

Linganisha na meki ambayo wachezaji wengi huijenga mtandaoni: leza zimeng'olewa, deraya imepunguzwa, nafasi zote zimejazwa virushio na risasi. Mwenyewe ataita hiyo ubobezi. Mimi naona mtu aliyeng'oa macho na mikono akabaki na mabega. Makombora yakiisha, au adui akiingia ndani ya mita 180, hana la kusema. Na muda wote kabla ya hapo, ili apige hata mara moja, lazima mtu mwingine asimame wazi, amkazie macho adui, apigwe. Mchezo unamlipa mtazamaji huyo kamgawo kadogo ka fedha za humo ndani kwa kusaidia kuelekeza. Lakini deraya haimrudii. Kule mezani gharama yake iliandikwa kwa namba mbele ya wachezaji wote. Hapa inamwagika kimya kimya kwa mtu ambaye hakuulizwa.

Huo ndio ukosoaji wangu kwa waundaji, zaidi ya kwa wachezaji. Kwa miaka mingi wamekuwa wakipandisha na kushusha kasi ya makombora, pembe yake, joto lake, muda wake wa kushika shabaha. Kila wakipandisha, wenye leza wanalia. Kila wakishusha, wenye makombora wanalia. Marekebisho yaliyonipendeza ni yale yaliyofanya makombora yanayorushwa na mtu anayemwona adui kwa macho yake yaende kwa njia ya chini zaidi na kufika mapema kuliko yale ya kuvusha mlima. Hapo mchezo ulisema jambo kwa mara ya kwanza: ukilipa mwenyewe, unapata bidhaa bora. Ilibidi kanuni nyingi zaidi ziseme hivyo. Badala yake mgeni anayeingia leo anakuta silaha inayomfundisha kubaki mbali na wenzake, kisha anatukanwa na wenzake haohao kwa kujifunza alichofundishwa.

Basi, yanafaa au hayafai? Yanafaa kwa rubani anayetembea na mstari wa mbele, mita 300 hadi 500 kutoka kwa adui, mwenye leza yake ya kuelekezea, anayeshika shabaha yake mwenyewe na kupokea sehemu yake ya kichapo. Huyo makombora yake yanafika haraka, yanafika mengi, na wenzake wanapozidiwa yupo hapo kando yao. Yanafaa pia kwa kikosi kilichopanga nani atazame. Hayafai kwa anayebaki mita 900 nyuma akisubiri alama nyekundu zitokee kwenye rada kwa jasho la mtu asiyemjua, hata kama ubao utamwandika wa kwanza.

Wanaoitumia methali yetu kuwasuta warushaji wanadhani nyoka ni adui aliye mbali na fimbo ni kombora. Mimi nasoma hivi: nyoka yuko miguuni kwa mwenzako, yule aliyesimama mbele kwenye kona ya jengo, deraya ya kifua imeshapasuka, maadui watatu wanamwingilia. Anageuka kutafuta msaada. Kwenye ramani anakuona wewe, alama ya bluu peke yake, kilomita nzima nyuma, mzima, hujakwaruzwa. Katika usomaji huo kombora halina hatia yoyote. Fimbo ya mbali ni rubani.